Bwana Usiguse na Blanketi la Mama

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho alichokining'iniza shingoni, lakini sijui kama kuna mtu aliyewahi kulisoma. Watoto wa shule waliokuja na mabasi walimwita Bwana Usiguse. Walimu wao wakalidaka, wafagiaji wakalidaka, mpaka mkurugenzi mwenyewe, mtu wa tai na adabu zake, siku moja aliteleza mkutanoni akasema, "Hilo mwulizeni Usiguse," kisha akakohoa. Mwenyewe hakununa. Jina la kazini halichaguliwi.

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa askari wa ukumbi wa pili katika makumbusho ya sanaa. Usidhani alikuwa akipambana na wezi. Wezi hawaji makumbusho. Katika miaka yote hiyo hakuja hata mmoja, na nadhani ilimuuma kidogo. Wanaokuja ni watu wema wenye vidole. Mama wa watu, amevaa vizuri, amesoma, akifika mbele ya picha lazima anyooshe kidole ahakikishe kama rangi imekauka, wakati picha ina umri wa babu yake.

Siri ya kazi ile, aliyowaeleza wote walioanza baada yake, ni moja: usiangalie sura, angalia mikono. Sura zitakudanganya. Mkono ukitoka mfukoni, askari mzoefu anajua kama unakwenda kuonyesha, kukuna pua au kugusa. Na ukiwa wa kugusa, neno linatoka kabla mwenyewe hujafikiri. Halikuwa neno la ukali. Lilikuwa tulivu, la chini, lililonyooka, na mkono ulirudi mfukoni wenyewe.

Mazoea yana taabu lakini. Siku moja nyumbani mkewe alikuwa anafunua sufuria, na yeye, akiwa anasoma gazeti, macho yamenasa ule mkono tu, akasema, "Usiguse." Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Sufuria nimenunua mimi, mboga nimekata mimi, nisiguse?" Akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga yake. "Angalia, mume wangu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Walicheka wote wawili siku hiyo.

Watoto wao walikuwa wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake. Aliyebaki nao ni mama mzazi wa Usiguse, mle katika chumba cha uani chenye dirisha la wavu, kitanda cha chuma na kiti cha plastiki kilichofungwa kamba mguu mmoja. Mwaka wa tatu sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Hazikutoka kwa kishindo. Zilivuja kama mchele kwenye gunia lililotobolewa na panya, unaona gunia limesimama, kumbe linapungua. Alianza kusahau siku, akasahau majirani, kisha akawa hajui kama amekula. Daktari aliwaambia wazi kwamba ugonjwa ule haurudi nyuma. "Mnachoweza kufanya ni kumwacha na vitu vyake alivyovizoea," alisema. "Msimwondolee kitu." Usiguse aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili, akaitikia kwa kichwa.

Na kitu cha mama kilikuwa kimoja, blanketi la viraka. Alilishona kwa mkono enzi za ujana wake, jioni baada ya jioni, kwa nguo za watu wake zilizochakaa. Palikuwa na ovaroli ya buluu ya marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa pampu za maji, na mfuko wake mdogo ameuacha vilevile. Palikuwa na sare ya shule ya mtoto wa kwanza, aliyehamia mbali. Palikuwa na gauni la maua la binti yake, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa. Na kwenye pembe, pale linapofika kidevuni mtu akijifunika, palikuwa na kipande cha njano cha shati ambalo kitinda mimba wake alijifunzia kutembea, na kifungo chake kimoja cheupe bado kimeshonwa.

Huyo kitinda mimba ndiye Usiguse. Mama alimwita Kitinda tangu utotoni na hakuwahi kuacha, hata mvi zilipomwota.

Kila asubuhi baada ya chai mama alitandaza blanketi mapajani akaanza safari. Kidole kilipita juu ya ovaroli. "Huyu baba yenu." Kikapita sare. "Huyu mkubwa." Kikapita maua, kikakaa hapo kidogo. "Huyu binti yangu, Mungu amrehemu." Mwisho kilifika kwenye kifungo cheupe, akakizungusha na kukizungusha. "Na huyu Kitinda." Hapo ndipo alipoinua macho, akamwona mtu mzima aliyesimama mlangoni na sare zake za kazi, akacheka. "Ee, Kitinda. Utachelewa kazini, mwanangu."

Kidole kwanza, macho baadaye. Bila kupita kwenye kile kifungo hakufika kwa mwanawe. Vile viraka aliviita wenzangu. "Nileteeni wenzangu," angesema akisikia baridi, na mkamwana wake angelileta blanketi bila kuuliza.

Sasa, pale kazini alikuwapo dada mmoja wa kushughulikia watu wa mitaani, wanaoishi jirani na makumbusho lakini hawaingii. Walimwita Dada Karibuni, kwa sababu alipokuwa na kipaza sauti hilo ndilo neno lake la kwanza, la katikati na la mwisho. Nampenda yule dada, sitamsema vibaya. Alikuta jumba limekuwa la wenye miwani peke yao, akalifungua. Jumamosi moja kila mwezi uwanja ulijaa. Watoto walipaka rangi kwenye makaratasi na kwenye nguo zao, kwaya iliimba kwenye ngazi, mafundi seremala walileta viti, wamama wa ukili walifundisha kusuka. Usiguse alirudi nyumbani siku hizo amechoka mdomo.

Safari hii Dada Karibuni alikuja na jambo jipya, Siku ya Vitu vya Nyumbani. Kila atakaye alete kitu kimoja cha kwao, kitundikwe ukumbini kwa heshima ileile ya picha za wakubwa, na kadi yake pembeni. Alianza na wafanyakazi. Dereva akatoa taa ya mafuta ya babu yake. Mpishi wa kantini akatoa mwiko. Usiguse alisema hana kitu. Kisha, wakinywa chai, katika kupiga soga tu, akataja blanketi la mama yake na kila mtu aliyemo ndani yake.

Dada Karibuni aliweka kikombe mezani. "Mzee," akasema, "hicho ndicho. Hakuna kingine. Tutakitundika ukumbi wa pili, kwako mwenyewe, ukutani katikati."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hebu mfikirie mtu aliyesimama miaka ishirini na mitatu akilinda vitu vya watu wengine, majina ya watu wengine kwenye kadi. Leo anaambiwa ukuta wa katikati ni wa mama yake. Mimi nisingekataa. Na wewe usingekataa.

"Sitaki," mkewe alisema jioni. "Daktari alisema nini?"

"Lenyewe litatundikwa Jumamosi moja tu, mama watoto, tena bado wiki tatu. Jumatatu hii nalipeleka kupimwa, wajue ukubwa wa fremu. Naenda nalo asubuhi, jioni nimerudi nalo."

"Na hizo saa zote mama atakuwa nani?"

Akajifanya anatafuta miwani. Lakini alimwomba mama mwenyewe ruhusa, hilo nalo tuliseme. Asubuhi ya Jumatatu, baada ya chai, kidole kilipokwisha kufika kwenye kifungo, alichuchumaa mbele yake. "Mama, nawaazima wenzako. Wanakwenda kutembea kazini kwangu. Jioni wamerudi."

Mama alilikunja mwenyewe, pembe kwa pembe. "Waende," akasema. "Lakini wasichelewe, Kitinda. Nyumba inakuwa kimya."

Chini kabisa ya makumbusho, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, alifanya kazi mama mmoja mpole wa kutunza vitu, ambaye hakuna aliyewahi kuona kucha zake, kwa hiyo aliitwa Mama Glavu. Usiguse alimkabidhi blanketi, akatia sahihi kwenye kitabu cha kupokelea, akapanda ukumbini. Siku nzima alisimama kwa furaha. Saa kumi na moja akashuka na mfuko wake mkononi kulichukua.

"Limeshaingia, mzee," alisema Mama Glavu, uso umechangamka. "Nimekupitisha mbele ya wote. Kuna mikeka na vitambaa vya watu kumi, lakini nikasema hapana, la mzee wetu litangulie, kwa heshima yake."

"Limeingia wapi?"

Akamwonyesha. Kwenye kona lilikuwapo friza refu jeupe, na taa ndogo ya kijani. Kila kitu cha nguo kinachovuka mlango wa makumbusho hugandishwa kwanza, ili nondo na mayai yao wafe, wasije wakala vitu vilivyomo. Usiguse aliijua sheria hiyo. Aliijua miaka yote. Ila alidhani ni kwa vitu vinavyotoka kwa watu, na hakuwahi kujihesabu yeye kuwa ni watu.

"Mimi nililileta lipimwe tu," akasema.

"Nimelipima. Kisha nikaliweka." Uso wa Mama Glavu ukaanza kubadilika. "Si ndivyo tunavyofanya?"

"Litatoka lini?"

"Wiki mbili. Na siku mbili za kuzoea joto."

Alimweleza habari ya mama. Yule mama wa watu alivua glavu zake, kwa mara ya kwanza, akajishika mashavu. Lakini alisema ukweli kwamba ukilitoa kabla ya wakati na kulifungua, ubaridi utageuka maji ndani ya nyuzi, na nyuzi zile ni za zamani, zitaachana. Kipande cha njano ndicho kilichokuwa dhaifu kuliko vyote. Usiguse alitazama ile taa ya kijani. Angemwendea mkurugenzi, mkurugenzi angefanya nini? Baridi haina mkubwa wa kuiamuru. Akakunja mfuko wake mtupu, akaenda nyumbani.

Hapa ndipo panaponiudhi mimi. Katika hadithi nzima hii hakuna mtu mbaya. Angekuwapo mmoja tu, tungemtukana tukapumua.

"Wenzangu wamerudi?" mama aliuliza jioni ile.

"Kesho, mama."

Kesho yake aliuliza, keshokutwa akauliza. Siku ya nne mkewe alimletea blanketi jingine, zito, jipya, la bei. Mama alilipapasa kwa muda mrefu, akalisukuma. "Hawa siwajui," akasema. Siku ya sita vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya shuka tupu, juu ya gauni lake, juu ya mkono wa kiti, asubuhi mpaka jioni, vikitafuta pembe ya kuanzia. Siku ya nane Usiguse alisimama mlangoni na sare zake kama kawaida. Mama alimtazama kwa adabu zote. "Karibu, baba," akasema. "Unamtafuta nani?"

"Ni mimi, mama. Kitinda."

"Kitinda hayupo," mama akamjibu. "Amekwenda na wenzake."

Alitembea kwenda kazini akilia, mtu mzima, barabarani, kofia ameishusha usoni. Saa ya chakula alishuka chini, akavuta stuli akaketi mbele ya friza. Mama Glavu alimpa chai na kumwacha. Akawa anafanya hivyo kila siku. Alijua hakuna faida. Lakini pa kwenda pengine palikuwa wapi? Mkewe hakumgombeza hata mara moja, na yeye alitamani agombezwe. Kila akirudi alimkuta mkewe kakaa na mama, kashika kile kidole kinachotembea.

Siku ya kumi na moja mkewe alimpokea uani. "Leo hajauliza," akasema, akaingia ndani haraka.

Zilipotimia siku kumi na sita, ilikuwa Jumatano, blanketi likatoka. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Usiguse alikwenda moja kwa moja kwa Dada Karibuni. Alikuwa amejipanga njia nzima atakavyosema: nimeghairi, nipeni blanketi la mama yangu. Alimkuta amezungukwa na makaratasi, na kwenye kila karatasi, rangi zote, palikuwa na picha ya blanketi, iliyopigwa siku lilipopimwa. Ovaroli ya baba yake, maua ya dada yake. Mji mzima ulikuwa umebandikwa.

"Mzee, umeona?" Dada Karibuni alisimama. "Watu wanapiga simu wanauliza habari za mama. Na unajua likitoka nje ya jengo itabidi ligandishwe upya, hatutawahi. Siku tatu tu. Jumamosi jioni nalitungua kwa mkono wangu nakupa. Tena mlete mama mwenyewe, alione liko juu, aone watu wanavyomheshimu. Labda litamwamsha."

Hapo angesema hapana. Mdomo alikuwa nao. Lakini mtu aliyezoea miaka ishirini na mitatu kuwakataza wageni hajui kumkataza mwenyeji. Na lile neno la mwisho, labda litamwamsha, lilimpata mahali pabovu. Akasema, "Sawa, dada."

Jumamosi mke alimvalisha mama gauni la kijivu, akamchana nywele, wakapanda teksi. Usiguse alikuwa zamu, maana siku ya watu wote hakuna askari wa kupumzika. Walikubaliana mkewe ampigie wakifika getini. Alipiga, nadhani mara nne. Uwanjani kwaya ilikuwa inaimba, kipaza sauti kinakaribisha, na simu ya Usiguse ilikuwa mfukoni imezimwa sauti, kama sheria ya ukumbini inavyotaka.

Ukumbi wa pili ulijaa kuliko alivyowahi kuuona. Taa ya babu wa dereva, mwiko wa mpishi, kitanda cha mtoto, redio ya mbao. Na ukutani katikati, chini ya taa mbili, blanketi. Lilikuwa limetundikwa chini kidogo, ili watoto waone, na kamba nyekundu mbele yake. Watu walisoma kadi, wakasogea, na mikono ikaanza. Asubuhi ile ilikuwa mikono tu. Mikono ya watoto yenye rangi, mikono ya wamama iliyokumbuka mablanketi ya mama zao, mikono ya wazee. Usiguse alisimama pembeni akiitazama mikono, mmoja baada ya mwingine, na mdomo wake ukafanya kazi yake. Usiguse. Usiguse. Tafadhali, usiguse.

Mkono mmoja ukatoka katikati ya watu. Ulikuwa mkono wa kizee, mkavu. Haukwenda kwenye ovaroli wala kwenye maua. Ulivuka kamba, ukaenda moja kwa moja pembeni, kwenye kipande cha njano, kidole kimoja kimenyooka mbele ya vingine. Ulikuwa umebakiza upana wa kiganja kufika kwenye kifungo.

"Usiguse," alisema Usiguse.

Mkono ulisimama. Ndipo macho yake yalipopanda, mkono, mkono wa gauni la kijivu, bega, uso. Mama alikuwa ametabasamu, midomo imeanza kufunguka, imeshika mwanzo wa neno. Na mbele ya macho yake lile tabasamu likazimika. Mama alirudisha mkono kifuani akaufunika kwa mwingine, kama mtoto aliyechapwa.

"Samahani, bwana askari," akasema. "Sikujua."

Watoto wa shule waliokuwa nyuma walicheka, kwa sababu walilisubiri neno hilo tangu waingie. Mkewe alikuwa nyuma ya mama, simu mkononi.

Usiguse alivua kofia. Akaifungua kamba ile, akaiangusha sakafuni. "Mama, ni mimi. Mimi Kitinda. Gusa, mama. Ni lako, gusa." Akamshika mkono amsogeze, na mama akavuta nyuma kwa nguvu ambayo hakujua bado anayo. Alikuwa anaogopa. Alimwogopa yeye. "Nimeomba radhi, baba," alisema. "Nimeshaomba radhi."

Mama Glavu alikuja anakimbia, na kwa wema wake wote, kwa kuwa hakuna kingine alichojua kufanya, alitoa mfukoni glavu mpya nyeupe za pamba, akamvalisha bibi taratibu, kidole baada ya kidole, ili aguse bila mtu yeyote kumkataza. Mama alijitazama mikono. Aliigeuza huku na huku. "Nimeumia?" alimwuliza mkamwana wake. "Mbona wamenifunga?"

Wakamvua. Wakamtoa nje kwa mlango wa nyuma.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe. Alipoelezwa hakuuliza sheria wala kitabu. "Litungueni sasa hivi," akasema. "Mzee, nenda nyumbani." Dada Karibuni alipanda ngazi kwa mkono wake kama alivyoahidi, akalitungua huku machozi yanamdondokea, akijitahidi yasidondokee kwenye blanketi. Wakalikunja kwenye karatasi laini, wakalitia ndani ya kasha. Watu walimpisha Usiguse njia. Alipita katikati yao na kasha lake, na sidhani kama aliona mkono wa mtu yeyote.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini binadamu gani asiyejaribu kuyazoa. Jumapili asubuhi alisubiri mama amalize chai. Alikuwa amevaa fulana ya nyumbani, si sare. Kofia na kitambulisho alivifungia kabatini. Alipiga magoti mbele ya kile kiti cha plastiki, akafungua kasha, akalitandaza blanketi mapajani mwa mama, pembe ya njano ikiwa juu, karibu na mkono wake wa kulia. Mkewe alisimama dirishani.

Mama aliinua mikono yote miwili juu, haraka, isilipate. Akaishika hewani. Kisha, polepole, akaikalia, mmoja chini ya kila paja.

"Mama," alisema Usiguse. "Wenzako wamerudi."

Mama alilitazama kwa hamu. Macho yake yalipita kwenye ovaroli, sare, maua, kwa mpangilio uleule wa siku zote, yakafika kwenye kifungo, yakakaa.

"Zuri," mama alisema. "La watu."

"Ni lako. Shika. Hiki kifungo, shika." Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akakishika kifungo cheupe, akakizungusha kama alivyomwona akifanya, ili aone hakuna shida.

Mama alitoa mkono mmoja chini ya paja. Aliupeleka mpaka pale, akamshika mwanawe kidole, akakibandua kwenye kifungo kwa upole sana, jinsi mtu anavyomwondoa mtoto kwenye moto.

"Usiguse, baba," akamnong'oneza, akitazama mlangoni. "Yule askari wao ni mkali."

"Hayupo, mama. Ameondoka."

"Atarudi," mama akasema. "Wewe kaa tu hivi, kama mimi."

Akaurudisha mkono wake chini ya paja. Baada ya muda Usiguse alikaa sakafuni kando ya kiti, akaiweka mikono yake alivyoambiwa.